Ngazi ya Upande wa Kushoto

Ilianza Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, pale baba alipozima gari mbele ya gereji ya Kihonda na kuniambia nishuke na kopo.

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, tupu. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kulishika tu. Kila nati na kila bolti itakayotoka kwenye gari iingie humo, kwa sababu mara ya mwisho mafundi walipoligusa gari lilirudi nyumbani linagongagonga kwa chini, na baba aliapa haitatokea tena. Mama angekuwepo angenitetea. Angesema mtoto ametoka shule jana, wiki ijayo ana mitihani, mwache alale. Lakini mama alikuwa mlimani kwa bibi, na bibi ndiye alikuwa sababu ya yote haya.

Bibi, mama yake mama, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho wanaokuja mara mojamoja walikuwa wamefika hospitali, na wangepokea wagonjwa Jumatatu tu, halafu waende mkoa mwingine. Kwa hiyo ilikuwa lazima bibi ashuke Jumapili. Kwao ni juu, upande wa Matombo. Unafuata barabara ya kwenda Kisaki, kisha unaiacha na kuanza kupanda, na hicho kipande cha kupanda masika yamekigeuza mtaro. Wiki iliyotangulia baba alijaribu. Gari likakalia jiwe kwa tumbo, magurudumu yakawa yanazunguka hewani, vijana wa kule wakalisukuma kinyumenyume, na baba akarudi na shati lenye tope mpaka kwenye kola. Kesho yake akaanza kuulizia fundi wa kunyanyua magari.

Pikipiki bibi hapandi. Baba anaamini anaiogopa.

Gari lenyewe ni la zamani, jeupe, la juu kiasi, kama yale ambayo maofisi huyaendesha mpaka yachoke ndipo huyauza. Fundi alikuwa mtani wa baba, makabila yao yanataniana, kwa hiyo hata salamu zilianza kwa matusi.

"Mtani, hili nalo unaliita gari la mlimani?" alisema akilizunguka. "Hili ni la kubebea keki za harusi."

"Wewe linyanyue. Maneno kawauzie kwenu."

"Nitalinyanyua mpaka ukikaa hapo kwenye usukani uwaone watu wa Dumila, kule mbali, wanavyopanga vitunguu."

Mimi nilisema shikamoo. Ilitoka ndogo, hakuna aliyeisikia. Nikairudia, na ya pili ikatoka kubwa mno, gereji nzima ikageuka.

"Marahaba, binti," fundi akasema. "Kumbe sauti unayo."

Nilitamani kuingia ndani ya kopo.

Kunyanyua gari si kama nilivyodhani. Nilidhani kuna mashine. Kumbe ni jeki, vyuma, na watu wenye hasira. Wanatoa magurudumu, wanatoa shokapu, wanatoa springi, halafu juu ya springi wanaweka kipande cha chuma cha mviringo ili mwili wa gari ukae juu zaidi. Ni hicho tu. Lakini bolti za gari letu zilikuwa zimeshikana kwa kutu miaka na miaka. Walizimwagia dizeli, wakasubiri, wakazigonga, wakazimwagia tena. Kila nyundo ilipolia meno yangu yalilia nayo. Zilipotoka nilipewa, za moto, zenye grisi, nikaziweka kwenye kopo. Mikono ikawa myeusi. Jua likaja mpaka nilipokaa, nikahama, likanifuata. Kule ng'ambo milima ilikuwa imejifunika wingu, na nilijua kwa bibi mvua inanyesha.

Baba alikwenda kwa ajili ya kunyanyua gari na kubadili matairi. Nasema hivi kwa sababu ndivyo alivyomwambia mama kwenye simu, nilisikia. Lakini mtu akikaa gereji kutwa anaanza kuona gari lake lina upungufu. Mara fundi anasema, mtani, huko kuna ng'ombe, huna ngao mbele? Ikaletwa ngao ya chuma, ikapimwa, haikukaa, ikabidi ikatwe na kuchomelewa upya. Katikati ya kuchomelea umeme ukakatika. Tukakaa. Nikamnunulia baba chai na chapati kwa mama lishe wa jirani, nikakaa tena. Umeme uliporudi fundi akasema, na ukungu wa Uluguru huo, taa zako ni hizihizi? Zikaja taa za juu. Taa zikahitaji mahali pa kukaa, ikaja keria ya kwenye paa. Nilimtazama baba. Alikuwa amechoka kama mimi, macho mekundu, lakini kila kitu kilipoongezwa alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayevalishwa.

Sikumlaumu. Wiki nzima alikuwa mtu aliyeshindwa na jiwe.

Mchana ulipoanza kuinama fundi alichuchumaa ubavuni mwa gari akazigonga ngazi kwa spana. Ngazi zile za pembeni, chini ya milango, za kukanyagia unapopanda.

"Hizi je? Jiwe la kwanza tu zinakunjika. Hizi ni za mabibi harusi, mtani."

"Toa," baba akasema. Hakufikiri hata kidogo.

Wakazitoa. Bolti zake zilikuwa fupi, nene, nikazipokea moja moja. Ya mwisho nikachelewa kuitia koponi.

Maana mimi nilikuwa najua jambo ambalo baba hajui.

Mwaka jana bibi alianguka. Alikuwa amesimama juu ya kigoda anashusha chungu darini, kigoda kikayumba. Baba aliambiwa bibi ameteleza, anaendelea vizuri. Hakuambiwa kwamba ni nyonga, wala kwamba tangu siku ile mguu wa kushoto haupandi zaidi ya ngazi ya kawaida, na kwamba pikipiki haiogopi ila hawezi kutanua miguu kuikalia. Nyonga si neno la kumtajia mkwe. Baba naye hana pa kuliona. Akifika kule anakaa barazani mbele, bibi yuko uani nyuma, wanasalimiana ukuta ukiwa katikati. "Mama, hamjambo huko?" "Hatujambo, baba, karibuni." Chakula analetewa na mama au mimi. Wakikutana njiani kwa bahati mbaya mmoja anaingia shambani mwingine apite. Hiyo ndiyo heshima, na baba anaishika kuliko hata watu wa kule wenyewe. Kwa hiyo kichwani mwake bibi bado ni yule wa zamani, anayeshuka kwenda gulioni na mkungu wa ndizi kichwani bila kuushika.

Gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki nilisogea mlango wa kushoto, mlango atakaoingilia bibi, nikasimama karibu nao. Sakafu yake ilinifika juu ya mapaja. Mimi ni mrefu kuliko bibi.

"Baba," nikasema.

"Enhe."

"Bibi atapandaje?"

Fundi ndiye aliyejibu, huku anajifuta mikono. "Bibi wa mlimani? Huyo atapanda mpaka kwenye keria akae na taa."

Wakacheka. Baba naye akacheka, akaniambia, "Bibi yako anapanda milima tangu mama yako hajazaliwa. Atashindwa na mlango?"

Nilikuwa na maneno yaliyobaki mdomoni. Nilikuwa nayo kabisa. Lakini ningesemaje nyonga ya bibi pale, mbele ya wanaume wenye spana, kwa mkwe wake? Nikasema, "Sawa, baba." Nikampigia mama. Kule mtandao unapatikana ukisimama kwenye kichuguu cha karibu na shule, na mama hakuwa kwenye kichuguu. Nikampigia tena. Nikaacha.

Nilifikiria kigoda, kwamba nibebe kigoda cha nyumbani. Lakini mbele ya nyumba ya bibi ni mteremko na tope, na bibi tangu aanguke hakanyagi kitu chochote kinachotikisika, hata jiwe la mtoni mpaka alipime kwanza kwa fimbo. Na mama peke yake hawezi kumbeba. Angebaki baba. Yaani baba amkumbatie mama mkwe wake amnyanyue mbele ya kijiji. Bibi angerudi ndani afunge mlango, abaki na macho yake yaleyale, Jumatatu ipite.

Tulirudi nyumbani magharibi. Baba aliwasha na kuzima zile taa za juu mara kadhaa, majirani wakatoka kutazama. Ngazi zilikuwa zimetupwa nyuma ya gari, zinagongana kila tuta. Aliniambia, "Umechoka, eh? Umefanya kazi." Nikasema ndiyo. Sikuoga. Nililala na nguo zinazonuka dizeli, kopo lenye zile bolti za ngazi likiwa chini ya kitanda, kwa sababu hakuna aliyeniambia nimpe nani.

Asubuhi niliamka adhana ilipoita. Nilimsikia baba akifungua geti kwenda msikitini. Nikachukua kopo, spana za baba, na kile kigoda.

Nilitandika gunia nikalala chini ya gari. Ardhi ilikuwa ya baridi na mgongo wote uliniuma. Nilikuwa nimeona zinavyotolewa, nikawaza kurudisha ni kinyume chake tu. Si kweli. Ngazi ni nzito, na mtu mmoja hana mikono ya kuishika na kufunga bolti wakati huohuo. Niliiegemeza kwenye kigoda, nikaongeza tofali juu yake, ikawa bado haijafika, nikaongeza kipande cha ubao, ikafikia tundu. Bolti ya kwanza niliiingiza kombo ikakataa. Nikaitoa, nikaianza upya taratibu kwa vidole mpaka ikauma vizuri. Kutu iliniingia machoni. Nilifunga upande wa kushoto tu. Wa kulia ni wa dereva, na baba ana miguu mizima.

Niliona ncha ya kanzu na ndala.

"Unafanya nini huko chini?"

"Narudisha ngazi."

"Itagonga mawe."

"Ndiyo, baba."

Ndala zikasogea mpaka kwenye mlango wa bibi, zikasimama hapo kama anaupima. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, ya chini, "Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Nilisubiri aulize kinachofuata, na nilikuwa najua nikiulizwa nitalia. Hakuuliza. Alichuchumaa, akakunja kanzu yake katikati ya magoti, akanyoosha mkono chini ya gari. "Lete spana," akasema. "Hizi umezifunga kama za baiskeli." Akazikaza zote, kila moja mpaka akaguna kwa nguvu. Halafu akaingia ndani kubadili nguo.

Tukaondoka asubuhi ileile. Kwenye lile jiwe gari lilipita, tumbo halikugusa chochote, ila ngazi iligonga, ikakwaruza kwa sauti ndefu, na baba akafumba jicho moja kama anayechomwa sindano. Hakusimama.

Bibi alitoka ameshikwa mkono na mama, amevaa khanga zake za kwendea mjini. Baba alipomwona anatokea kwenye kona ya nyumba alifungua boneti, akaingiza kichwa chote na mabega ndani, akawa anatafuta kitu ambacho hakipo.

Niliweka mkono wa bibi kwenye ngazi. Macho yake yaliona weupe wa gari tu, kwa hiyo aliinama akaipapasa, akaipiga kofi, akaisukuma. Kwa mbele ilikuwa imekunjika kidogo.

"Hii haichezi?"

"Haichezi, bibi."

"Nani kaifunga?"

"Mimi. Na..." Nikatazama boneti. "Mimi."

"Haya, mke mwenzangu. Nikianguka nikafa, naenda kukushtaki kwa babu yako, mume wetu."

Aliweka mguu wa kulia kwanza, mama nyuma yake, mimi nimemshika kiwiko. Akapumzika hapo hapo katikati, amesimama juu ya ngazi, anahema, akitazama upande wa migomba kana kwamba anaiona. Kisha akauvuta wa kushoto, pole pole, akaingia, akakaa.

"Mmeshapanda huko?" sauti ya baba ikauliza kutoka kwenye injini.

"Tumeshapanda, baba," bibi akamjibu. "Gari zuri. Refu."

Boneti ikafungwa. Mama akakaa na bibi. Mimi nilizunguka nyuma, nikapanda kati ya ile ngazi nyingine na mkungu wa ndizi uliotoka kwa bibi, nikaweka kichwa juu ya gurudumu la akiba, nikalala mpaka mjini.