Seli Zilizoelea

Nianze na kosa lenyewe, maana nikizunguka sana nitaanza kujitetea. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa mwanafunzi katika maabara moja ya Parklands, kazi yangu kukuza seli za ini kwenye visahani vya plastiki. Seli hizo zina maringo, hazishiki plastiki tupu. Lazima uzitandikie kolajeni, utando mwembamba tuliokuwa tukiutoa wenyewe kwenye mikia ya panya. Tuliuyeyusha kwa asidi, tukaupaka, ukikauka tukausuuza mara tatu ndipo tuweke seli. Usiposuuza, asidi inaziua.

Ijumaa moja niliweka seli bila kusuuza. Marafiki walikuwa wananingoja kwenye maonyesho kule Jamhuri, nami nikajiambia asidi kidogo hivyo itafanya nini. Jumatatu nikachungulia kwa hadubini. Seli zote zilikuwa zinaelea, kama maharagwe mabovu kwenye maji.

Profesa wetu akaniuliza, “Nini imetokea?” Bila hata kumeza mate nikasema labda ni mama wa usafi, anamwaga dawa kali ya sakafu karibu na kabati la joto tunamokuzia seli.

Mama huyo alikuwa mjane kutoka Machakos, anasomesha wasichana wawili kwa kazi hiyo tu. Mimi hata shahada sijamaliza, yeye ananiita daktari. Kila asubuhi aliniuliza, “Watoto wako wameamkaje?” akimaanisha seli. Niliwahi kumweleza kwamba siku moja zitasaidia wagonjwa wa ini, na kwa kuwa ini ndilo lililomuua mumewe, akawa anaziombea kanisani. Eti seli zinaombewa. Tulimcheka, mimi wa kwanza.

Profesa akaipigia simu kampuni iliyomwajiri. Kufikia saa sita mchana mama alikuwa ameshaambiwa arudishe aproni, kazi imeisha. Nilikuwa na asubuhi nzima ya kusema ukweli. Mlango wa profesa ulikuwa wazi, hatua kumi tu kutoka nilipoketi. Nikakaa nikiandika lebo za chupa, mwoga mkubwa mimi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu naitembea mpaka leo na hakuna aliyenishika.

Kabla ya kuondoka alikuja mezani kwangu, kitambaa kichwani, mkoba begani. Nikadhani amejua. Nilijiandaa kutukanwa, na kusema kweli nilitamani anitukane.

“Daktari, nisamehe,” akasema. “Sikujua hizo vitu zinasikia harufu ya dawa. Wewe umezilea, mimi nimeziua.”

Alikuwa analia. Nami nikamjibu kwa upole kabisa, “Haina shida, Mama. Nimekusamehe.”