Mwenye Pikipiki

Siku niliyoileta pikipiki nyumbani Magomeni, niliipandisha kibarazani mwenyewe na kuisimamisha kwa stendi kubwa kwa jaribio moja, jambo ambalo wanaume wengi wa rika langu hawaliwezi. Mume wangu alitoka, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Mh." Kisha akarudi ndani kwenye gazeti lake. Nilisubiri aongeze neno. Hakuongeza, wala siku hiyo, wala wiki tatu zilizofuata.

Nina miaka hamsini na saba na duka la vifungashio Kariakoo. Nauza chupa, makopo, mifuko ya karatasi na vifuniko vya kila saizi. Lakini kabla ya duka nilikuwa bwana shamba. Huko Nachingwea kila aliyefanya kazi ile aliitwa bwana shamba, nami nikaitwa hivyo hivyo, binti wa miaka ishirini na minne niliyevaa suruali ya kaki. Wazee walinipokea kwa "Bwana shamba, hujambo?" na hakuna aliyecheka. Nilikuwa na pikipiki ya idara, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini kuwaonyesha wakulima jinsi ya kupulizia mikorosho salfa kabla ugonjwa wa ubwiri unga haujaimaliza. Njia zilikuwa mchanga mtupu. Kwenye mchanga, ukiogopa ukakamata breki, umeanguka. Dawa yake ni kuongeza mafuta kidogo na kutazama mbali. Nilianguka mara nne mwaka wa kwanza. Baada ya hapo sikuanguka tena.

Nilikuwa hodari. Nalisema bila haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwa miaka thelathini hakuna aliyeniuliza.

Niliacha kwa sababu ya sentensi moja. Tulikuwa tumeoana miezi miwili, mimi na huyu mpima ardhi mpole aliyenipenda, kwa maneno yake mwenyewe, kwa namna nilivyokuwa navuka mito. Nikaenda kumsalimia mama yake kwa pikipiki, mume wangu akiwa ameshatangulia kwa basi. Mkwe wangu alitoka uani, akanitazama nikishuka, wala hakunisemesha mimi. Alimwambia mwanawe: "Mke wa nyumba hii hapanui miguu juu ya chuma mbele za watu." Mume wangu alikuwa amesimama kati yetu. Nilimtazama. Akatazama viatu vyake.

Wiki iliyofuata nilirudisha ufunguo idarani na kuomba kazi ya mezani. Baadaye tukahamia Dar, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaondoka, na mkwe wangu akatangulia mbele ya haki. Nilimuuguza mimi, na sina kinyongo naye, alisema alichoamini. Kinyongo changu, kama ninacho, kilikuwa na vile viatu. Mume wangu ni mtu mwema, hajawahi kunipandishia sauti, lakini kuna siku nilitamani aipandishe, japo mara moja, kwa ajili yangu.

Kurudi kwenyewe kulianza kwa mguu. Asubuhi moja nilikodi bodaboda kutoka dukani, na kijana aliyenibeba alikuwa akibadilisha gia vibaya mno, injini inalia naye hasikii. Tulipofika Mtaa wa Uhuru niligundua kwamba mguu wangu wa kushoto, huko nyuma nilikokaa, ulikuwa ukikanyaga hewa, unambadilishia gia. Mguu ulikuwa haujasahau kitu. Niliposhuka nilikuwa nimeshaamua. Ng'ombe hazeeki maini.

Sikufanya mambo kienyeji. Leseni yangu ya zamani ilikuwa imeshakufa, kwa hiyo nikarudi chuo cha udereva, nikakaa darasani na vijana walioniamkia kwa heshima kisha wakanakili majibu yangu. Jumapili asubuhi nilikuwa naenda viwanja vya Jangwani, kipindi cha kiangazi ardhi ikiwa imekauka, nikazunguka peke yangu na pikipiki ya kuazima chuoni huku vijana wakicheza mpira. Mara ya kwanza niliachia klachi ghafla, ikazima. Mara ya pili ikazima. Golikipa mmoja akapaza sauti, "Mama, hiyo pikipiki, siyo cherehani!" Uwanja mzima ukacheka. Nilicheka nami, nikapiga kiki ya tatu, nikawazunguka wote mara mbili, pamoja na magoli yao, na kuinua mkono. Wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga kabisa, nikamkuta mume wangu anamenya chungwa. Hakuuliza nilikotoka. Alinipa nusu ya chungwa.

Niliponunua yangu, watu wa Kariakoo walinizoea haraka, kwani Kariakoo haina muda wa kushangaa. Wabeba mizigo walinipisha, wa mikokoteni wakanitukana kwa usawa kama wanavyowatukana wengine. Jirani yangu wa dukani, mama wa Kihindi anayeuza vyombo vya jikoni na ambaye familia yake iko mtaa ule tangu enzi za babu yake, alitoka nje akaizunguka pikipiki akasema, "Dada, nyuma hapa nafasi ipo. Siku moja utanipeleka hekaluni, mwanangu asijue." Nilimwahidi.

Tatizo la pikipiki mjini hapa ni moja: kila pikipiki ni bodaboda mpaka ithibitike vinginevyo. Ukisimama tu, watu wanakuuliza bei. Nilishazoea kukataa. Lakini Jumanne moja, saa nne hivi, natoka kupeleka mzigo, nilisimama kwenye kona ya Msimbazi kupokea simu, kofia ngumu kichwani, kioo nimekishusha. Nikahisi pikipiki inazama nyuma. Mtu alikuwa ameshapanda.

"Mnazi Mmoja, mwanangu, wahi," sauti ya bibi ikasema.

Niligeuka. Mama wa miaka sabini na ushee, kikapu mapajani, kanga imefungwa vizuri.

"Shikamoo mama. Mimi si bodaboda."

"Marahaba. Sasa hiki nilichokalia ni nini?"

Nini ningesema? Kumshusha mtu wa umri ule, ambaye ameshapanda na ameshajitengeneza, ni jambo ambalo mama yangu hakunifundisha. Nikakata simu, nikavua kofia yangu nikamvalisha, jambo ambalo sikupaswa kulifanya na silishauri, nikampeleka polepole. Kufika Mnazi Mmoja akafungua fundo la kanga kutafuta nauli, nikakataa. Ndipo akanitazama usoni vizuri. "Kumbe mwanamke," akasema, kisha, baada ya kufikiri, "ndiyo maana hukukimbiza." Akanirudishia kofia, akaenda zake na kikapu chake.

Kurudi dukani lazima nipite kona ile ile. Pikipiki mbili zikanikingia mbele, kijana mmoja akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo wangu. Kumbe nilipompakia yule bibi nilikuwa nimesimama mbele ya kijiwe cha bodaboda na sikujua. Kijiwe kina zamu: anayefika kwanza anapakia kwanza, na anayechukua abiria wa pale bila kuwa mwanachama amekula jasho la mtu. Hilo nalijua, na kwa kweli ni utaratibu mzuri.

Mwenyekiti wao akaja, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, amevaa kizibao cha kung'aa. "Shikamoo mama. Sasa mama, tunaheshimiana. Hapa kuna zamu. Umebeba kichwa cha watu, abiria si wako."

Nikamweleza. Wakacheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti akasema, "Sawa mama, tumekuelewa. Tajiri wako nani? Mpigie aje tuongee naye."

Hapa Dar pikipiki nyingi zina mwenyewe ambaye haendeshi, na anayeendesha anampelekea hesabu jioni. Mwenyewe ndiye wanayemwita tajiri. Kosa likitokea, anaitwa tajiri.

"Tajiri ni mimi," nikasema.

"Mama, acha utani. Mwenye pikipiki."

"Pikipiki ni yangu."

"Basi mpigie mzee nyumbani. Aje, tuyamalize kiume."

Damu ilinipanda. Nilikaa pale juu ya pikipiki yangu isiyo na ufunguo, jua linawaka, nikawaambia kwamba kama ni kuyamaliza, tutayamaliza kike au hayataisha. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesubiri mtoto aache kulia. Nikasubiri. Wateja walikuwa wanapiga simu. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita.

Wao waliona mama mkaidi. Mimi nilikuwa naogopa, na si kijiwe nilichokiogopa. Nilikuwa najua kwamba nikimwita mume wangu, atakuja, maana hajawahi kukataa kuja. Atawasalimia, atatazama chini, atasema kwa upole, "Msameheni, nitaongea naye." Na akisema hivyo, pikipiki nitaiuza kesho yake. Nisingekuwa na nguvu ya kuiendesha tena, na sijui kama ningekuwa na nguvu ya kumtazama vile vile. Miaka thelathini nilikuwa nimeishi na viatu vya mara moja. Vya mara ya pili nisingeviweza.

Lakini pia nilichoka kutojua. Nikampigia.

"Niko Msimbazi. Vijana wameshika ufunguo wangu. Wanataka mwenye pikipiki."

"Nakuja," akasema.

Alikuja na bajaji, amevaa kandambili, gazeti kwapani. Vijana wote wakainuka. "Shikamoo mzee!" "Marahaba." Akasimama kati yangu na wao. Mwenyekiti akamweleza kwa adabu kubwa, tangu bibi hadi zamu hadi heshima, na mume wangu akamsikiliza kama alivyokuwa akisikiliza wenye mashamba wanaogombania mpaka, bila kukatiza. Nilitazama uso wake. Sikuthubutu kutazama chini.

"Umemaliza?" akauliza.

"Ndiyo mzee."

"Umeomba mwenye pikipiki aje. Sasa mimi nimekuja kufanya nini?"

Mwenyekiti akababaika. "Mzee, si wewe..."

"Mimi hata kuiwasha siwezi. Mwenye pikipiki ni huyo mliyemwanika juani." Sauti yake ilikuwa imepanda. Watu waliokuwa wakipita wakageuka, mama mmoja wa ndizi akashusha beseni kabisa ili asikie vizuri. "Alikuwa akiendesha pikipiki kwenye mchanga wa Nachingwea wewe ungali mtoto mdogo. Kama ana kosa, ana masikio, mwambieni yeye. Kama kuna faini, ana mkono, atatoa yeye. Mpe ufunguo wake."

Mwenyekiti akanipa ufunguo, kwa mikono miwili. "Samahani mama."

Nami nikataka kuwa mtu wa haki, maana zamu ni zamu. Nikauliza ilikuwa zamu ya nani. Kijana mwembamba akainua mkono, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Faini ya kijiwe ni kreti la soda, nikaliagiza kwenye duka la jirani. Wakaanza kunichagulia namba ya uanachama kwa mzaha.

Mume wangu alikuwa bado amesimama, gazeti kwapani. Sidhani kama aliwahi kumfokea mtu barabarani maishani mwake.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Dukani. Wateja wananisubiri."

"Watasubiri. Nipeleke nyumbani."

Mwenyekiti akamvalisha kofia yake mwenyewe. Mume wangu akapanda kwa shida, goti moja halikunjiki sawasawa, kandambili moja ikadondoka ikaokotwa na kurudishwa mguuni. Hakujua mikono aiweke wapi. Nikaichukua nikaiweka kiunoni kwangu, mbele ya Kariakoo nzima, na hakuna aliyekufa.

Tukatoka polepole. Sikutaka kukimbiza. Nilisikia uzito wake mgongoni, nikasikia anavyojikaza kila nikibadilisha gia, kisha anavyolegea. Tulipokuwa tunateremka Jangwani, akanisogelea, kofia yake ikagonga kofia yangu.

"Siku ile kwa mama," akasema, "nilipaswa kusema."

Nilikuwa nimemsikia vizuri sana. Kila neno. Machozi yalikuwa yananitoka ndani ya kofia, na ni bahati kwamba barabara pale imenyooka.

"Sisikii," nikamwambia. "Upepo. Sema kwa nguvu."

Akavuta pumzi. Akalisema tena, kwa sauti kubwa, hata wa bajaji ya pembeni akageuka kututazama.