Injini Iliyomfunga Baba Yangu Iko Uani kwa Wakwe Zangu

Admin, naomba jina langu na la kijiji yabaki kwako. Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, nimeolewa huku juu upande wa Hai. Naandika nikiwa jikoni, mume wangu anadhani napika.

Baba yangu alikuwa fundi wa malori kwenye kampuni moja ya usafirishaji pale Moshi mjini, siku hizi haipo tena. Nikiwa na miaka kumi na moja injini nzima ilipotea stoo, na ufunguo alikuwa nao yeye. Akafungwa miaka mitatu. Alitoka anakohoa, hakuna gereji iliyomtaka, akafa mwaka uliofuata.

Rafiki pekee aliyebaki kufika kwetu Shirimatunda alikuwa dereva mmoja aliyefanya naye kazi. Alikuwa akimtembelea baba gerezani kila mwezi, na kwa mama hakuja mikono mitupu, ndizi za kupika supu ya mtori hazikutuishia. Mtoto wa huyo dereva ndiye mume wangu. Siku walipoleta pombe ya mbege ya uchumba, mzee huyo alisimama mbele ya watu akaniambia, "Usione aibu kwa ajili ya baba yako. Sisi tumeshakusamehe."

Msamaha huo nimeishi nao miaka tisa. Kikipotea kijiko, mama mkwe anaanza kutafuta chumbani kwangu. Binti yangu aliporudi na penseli ya mwenzake, bibi yake aliitazama tu akasema, "Ni damu hiyo."

Sasa baba mkwe ana lori kuukuu la kubebea ndizi kutoka Mkuu. Mwezi uliopita lilianza kuchanganya maji na oili. Fundi alileta gasketi mara mbili, zote zikakataa. Kadi inasema gari ni la Kijapani, lakini injini si ya kwake, na pale inapogongwa namba pamesagwa kwa tupa mpaka pakawa laini.

"Bila kujua injini imetoka wapi tutanunua vipuri kwa kubahatisha," fundi alisema.

Mume wangu akanigeukia. "Si baba yako alikufundisha haya mambo? Hebu iangalie." Mzee hakuwepo, alikuwa msibani Rombo.

Baba alinifundisha kweli. Alikuwa akisema namba ya kugongwa mwizi anaifuta kwa dakika kumi, lakini yale maandishi yaliyoinuka, yanayotokea kwenye kalibu wakati chuma kinamiminwa, hakuna anayeyakumbuka kwa sababu yamejificha kwenye uchafu. Nikachukua dizeli na brashi ya waya, nikasugua ubavu wa bloku nyuma ya starta. Likatokea neno England. Ikatokea namba ndefu, na chini yake herufi ya mwezi na tarakimu za mwaka injini ilipomiminwa. Fundi akafurahi, akaandika.

Mimi nilirudia kuisoma. Namba ile naijua kwa kichwa. Imo kwenye daftari la baba, na aliitaja mahakamani akiomba injini itafutwe. Lakini najua injini nyingi hutoka na namba moja ya kalibu, kwa hiyo nikapapasa chini zaidi. Nikakuta ufa ulioshonwa kwa misumari saba ya shaba. Baba alipokuwa akiigonga, kabla injini haijapotea, mimi nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea chai, na niliihesabu. Nikapiga picha, nikaficha simu.

Mzee aliporudi nilimfuata mezani anakula. Mume wangu alikuwepo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Injini ya lori uliitoa wapi?"

Hakuacha kula. "Umeshaijua, ndiyo maana unauliza."

"Baba yangu alikufa kwa ajili ya injini hiyo. Misumari yake ya shaba niliihesabu akiigonga."

"Baba yako aliniamini sana, hata ufunguo wa stoo hakunificha," akasema. "Akiwa gerezani alinipa namba ya injini niitafute kwenye magereji ya Arusha na Tanga. Kila mwezi nikienda ananiuliza. Namwambia bado, vumilia." Akanywa maji. "Angetoka na nguvu zake ningemsaidia. Ndiyo maana nilikubali uolewe hapa. Umekosa nini kwangu?"

Nikamtazama mume wangu nikitegemea neno. Akatoka nje. Asubuhi aliniita uani, ameazima grinda kwa jirani.

"Nionyeshe maandishi mengine yako wapi," akasema. "Na hiyo misumari. Ukitaka kubaki na watoto wako, nionyeshe."

Nikamwonyesha. Nililala chini ya lori nikanyoosha kidole, hapa, na hapa, na yeye akasaga jina la nchi, namba, na kazi ya mikono ya baba yangu, cheche zinaniangukia kwenye kanga. Sikulia. Hilo ndilo linalonitesa kuliko yote, kwamba nilimwelekeza vizuri.

Picha bado ninazo, yeye hajui. Lakini tatizo langu si polisi. Tatizo langu ni mama, ambaye bado yuko Shirimatunda, ana miaka sabini na moja. Mara moja tu, nikiwa mkubwa, aliwahi kuniambia kwamba baba alipokuwa anakata roho alimshika mkono akamwomba aseme tu kwamba anamwamini. Mama akashindwa. Alinyamaza mpaka mkono ukapoa. "Nilidhani kweli aliiba," akaniambia, na hatujalizungumza tena.

Nikimwambia, atajua mumewe alikuwa msafi, na atajua alichomnyima. Nisipomwambia, ataendelea kumwombea baraka baba mkwe wangu kila Jumapili. Ninyi mliozika wazazi, nisaidieni kwa mawazo. Nimwambie mama yangu, au nimwache afe hivyo?