Picha ya Pelagia Mbele ya Tanuri

Jumatatu tarehe 14 Machi 1994 kulikucha na mawingu mazito upande wa ziwa, na hadi saa nne mvua ilikuwa haijaamua kunyesha wala kuondoka. Hyasinta, mchuuzi wa samaki kutoka Bunda, alifika Nyegina kwa Pelagia, mkausha samaki, na matenga yake matupu kama kila Jumatatu. Safari hii hakuyatua chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mgeni? Sato wako wamekauka, hata mkia haukuungua."

"Mama, ulipigwaga picha?"

Pelagia akacheka. Alipigwa, ndiyo, mwezi uliopita. Bwana mmoja wa gazeti, moja ya haya mapya ya watu binafsi, alimkuta kwenye tanuri lake la udongo akasema anaandika habari za biashara ya samaki. Pelagia alitaka kwanza anawe uso na kuvaa kitenge cha kanisani. Yule bwana akamzuia. "Hapana bibi, hapo hapo kwenye moshi. Nitazame." Naye akamtazama, machozi yakimtiririka, macho mekundu kama yalivyokuwa miaka thelathini na moja ya kukausha samaki.

Hyasinta akatoa gazeti. Pelagia alifundishwa kusoma misheni akiwa msichana. Akayafuata maandishi makubwa kwa kidole. VIKONGWE WACHAWI WAITIKISA KANDA YA ZIWA. Chini yake ulikuwa uso wake. Jina halikuwapo, samaki hawakuwapo. Hata tanuri lilikuwa limekatwa, ukabaki moshi tu nyuma ya kichwa chake.

"Watu husema macho mekundu ni ya mchawi. Mimi najua ni moshi, mama. Lakini kule Bunda limebandikwa ukutani dukani. Nikisema samaki hawa ni wa bibi yule, nani atatia mdomoni?"

"Miaka tisa unakula mkononi mwangu, Hyasinta."

"Ndiyo, mama," akasema, akaondoka na matenga yake.

Samaki wangeweza kusubiri. Kilichomshtua Pelagia kilikuwa kesho. Kesho asubuhi mjukuu wake wa kwanza, binti wa mwanawe Bernado na mkewe Esta, alikuwa anatolewa nje. Katika ukoo wao kazi hiyo ni ya bibi mzaa baba: humwinua mtoto kuelekea ziwani na kulitaja jina kwa sauti ili waliotangulia walisikie. Jina alikuwa nalo tayari, Nyangeta, la mama yake mzazi. Wiki nzima alikuwa akilitamka peke yake.

Jioni Bernado alikuja, akasimama nje ya mlango.

"Mama, kesho mtoto atatolewa na mama yake Esta."

"Mkweo? Tangu lini?"

"Watu wanasemasema, mama."

"Na wewe unasemaje? Moshi huu si ndio uliokusomesha? Ulikuwaga unakohoa mgongoni kwangu, nikikwambia vumilia."

"Najua ni moshi."

"Basi niletee mtoto."

Bernado akatazama viatu vyake. "Imeandikwa, mama. Wangeandikaje bure?"

Pelagia aliyajua maneno hayo. Mwaka uliopita, gazeti lilipotoa picha ya kikongwe wa mbali aliyeitwa mchawi, ni yeye aliyewasomea majirani. Mmoja wao, Petronila, aliuliza kama yule bibi hakuonewa. Pelagia alimjibu maneno hayo hayo, kisha wakatikisa vichwa, wakaendelea kupaa samaki.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Giza linaingia."

Asubuhi iliyofuata, mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Vigelegele viliposikika kutoka kwa Bernado, Pelagia alisimama akasikiliza jina. Sauti ya yule mama mwingine ilitaja jina jingine. Akachukua jembe, akaanza kulibomoa tanuri. Alidhani moshi ukikoma, pengine macho nayo yatarudi meupe kabla mtoto hajajua kutazama watu.

Wanawake wawili waliokwenda kuteka maji walisimama kidogo.

"Unaona?" mmoja alisema. "Anafichaga vitu vyake."

Pelagia aliwasikia. Hakuinua uso wasije wakaona macho. Akaendelea kubomoa.