Jiwe Lililolia Darasani

Kati ya mawe yote tuliyoleta darasani, jiwe la shamba letu ndilo lililofanya kisanduku cha Mzungu kilie kwa kasi zaidi. Baba, aliyekuja na treni kutoka Goweko kuniletea karanga, alikuwa amesimama mlangoni akasikia.

Mgeni huyo alikuja shuleni kwetu Tabora kutufundisha, sisi na walimu wetu, habari za vitu vidogo visivyoonekana, vitokavyo angani na kwenye mawe, na kutupenya sote; kisanduku chake kililia kila kilipovinasa. Mwalimu aliyemtafsiria alikosa neno, akaviita chembe. Kwetu chembe ilikuwa ya dhahabu, ile iliyowaleta wachimbaji Nzega na kuwaondoa wenye mashamba.

“Mwalimu, hizo chembe anazitafutia nini?” baba akauliza.

“Hatafuti, mzee. Anafundisha tu. Ziko kila mahali, hata mwilini mwako.”

“Za mwilini namwachia. Nauliza za shambani.”

Darasa zima likacheka. Baba hakucheka, shamba lile ndilo lililotulisha. Mgeni akauliza jiwe limetoka wapi.

“Kaliokota njiani,” baba akasema kabla sijafungua kinywa.

Mwalimu, aliyejua vizuri kwetu ni wapi, akamgeukia mgeni na kusema maneno machache ya Kiingereza kwa sauti ya chini. Mgeni akaandika kwenye kipande cha karatasi, akalifunga jiwe nacho, akalitia mkobani.

Miaka mingi baba aliendelea kulima huku akikodolea macho kila gari lililopita. Mpaka leo sijui kama karatasi ile iliandikwa “njiani” au “Goweko.”