Ampli Tuliyoombea Mbele ya Kuipiga

Sikusoma mingi. Nilifika mwaka ya tatu ya primaire, kisha baba yangu akasema shamba iko na kazi na kalamu ni ya ndugu zangu. Biblia ninaisoma, polepole, na kidole. Mais kuna kitu moja ninajua yenye haikutoka mu masomo: ukiniwekea mbele ampli ya gitare basse, ya sauti nene, ile yenye mashine na opalere ya kutosha sauti biko mu sanduku moja, nitakuambia kama ni kazi ao ni uongo. Kile banaandikaka nyuma sikitafute. Ninaweka mukono.

Ujuzi hii ilitoka kwa bwana yangu. Alikuwaka seremala kule Beni. Alitengenezaka milango, bitanda, masanduku ya maiti, na kisha, wakati makanisa ilianza kutafuta basse, akaanza kujenga masanduku ya ampli. Mashine na opalere alikuwa anabitosha mu bitu ya zamani. Sanduku aliijenga yeye mwenyewe, na mbao ya libuyu ao na triplex nene, ile mbao ya kubandikana, kole ya kushikamanisha kila pembe, na vis, misumari ya kuzungusha, kila upana ya bidole ine. Sanduku ikishaisha, aliunga gitare, akapiga kamba nene kuliko zote, wazi, bila kukamata, polepole. Kazi yangu ilikuwa kuweka kiganja nyuma ya sanduku, kisha kwa mbavu, kisha chini.

Aliniuliza, "Inapumua ao inatetemeka?"

Kama inapumua, ni muzuri. Upepo unatoka, mbao inatulia. Kama inatetemeka, mbao yenyewe inataka kuimba, na mbao haijue kuimba, inaharibu tu. Ninaonyesha fasi na kidole, anafungua, anaweka ndani kijiti ya kushikilia, tunaanza upya. Kisha alikuwa ananiambia niibebe mupaka kwa mulango. "Kama bibi yangu ameibeba na hajanitukana," alikuwa anaambia batu, "bado haijaisha." Nilimutukana mara mingi. Ilikuwa ndoa yetu.

Wakati kule Beni mambo iliharibika na batu ya ngambo yetu balianza kukimbia, tulikuja Butembo na matandiko na sufuria. Randa, misumeno, masanduku yenye haikuisha, byote bilibakia. Bwana yangu aliishi hapa miaka mbili, kwa nyumba ya kupanga, bila kazi ya mikono yake. Mu ile miaka mbili alifundisha mujukuu wetu basse, mutoto ya binti yetu, na gitare yenye ilikuwa inakosa kamba moja. Kisha tension ya damu ikamuchukua. Hakuacha shamba, hakuacha nyumba. Aliacha bidole ya yule mujukuu, binti mudogo. Ile njo sababu, wakati korali ya kanisa yetu ilimupatia fasi ya basse, mimi nililia ndani ya kitambaa yangu mu ibada, na mimi si mutu ya kulia.

Donc mutu asiniambie kama ilikuwa mambo ya ampli tu. Ilikuwa ile fasi ya mutoto.

Mwaka ile kanisa ilikusanya matoleo ya kununua ampli ya basse. Ile ya zamani ilikuwa imekufa kabisa. Prezida wa korali alikuwa mwalimu, mutu wa province ingine, serikali njo ilimutuma kwetu. Mutu safi, kalamu mu mufuko, Kifaransa yake inatembea bila kujikwaa. Sikumuchukia. Alisema tuende kwa duka watu wane: yeye, mupiga gitare solo, mujukuu yangu, na mama mumoja wa kuwakilisha bamama, sababu bamama njo balitoa zaidi. Bakanichagua mimi.

Duka ilikuwa ya mutu mwenye anapakiaga bitu Dubai. Alitutolea ampli mbili. Ya kwanza ilikuwa mupya, nyeusi, inangaa, na taa ya buluu yenye inazunguka opalere kama pete. Nyuma yake kuliandikwa namba kubwa. Ya pili ilipitia mupaka ya Kasindi, ya kutumika, kitambaa imepasuka mbele, pembe moja imekula pigo. Mwenye duka aliiweka chini ya meza kama mutu anayeficha mulevi wa familia.

Nilianza na ile mupya. Nikaigonga na kifundo ya kidole, nyuma, mbavu, chini. Ilinijibu kama karto ya sabuni. Nikatazama ukingo pale kitambaa inaisha: haikuwa triplex. Ilikuwa ile mbao ya unga ya musumeno, yenye banakandamiza na kole, bakaifunika na plastiki. Niliinua na mukono moja. Sikumutukana mutu.

Mwenye duka akacheka. "Mama muzee, unapiga hodi kwa nani?"

"Kwa yule aliitengeneza," nikasema. "Hayuko."

Mupiga solo alicheka mupaka akashika ukuta. Hata mwalimu alitabasamu. Mimi nikafikiri banasikia.

Kisha bakaipima, na hapa njo mambo iliharibika. Mwalimu aliunga simu yake, akaweka wimbo ya polepole, piano na sauti ya mwanamuke. Muzuri sana. Mupiga solo naye akaunga gitare yake, akapiga juu, juu kabisa, bidole inakimbia, na vijana ya duka bakaanza kutikisa mabega. Mujukuu yangu akaomba apige kamba nene ya basse. Mwenye duka akasema hapana, opalere mupya haisukumwe siku ya kwanza, muiache izoee kwanza. Mwalimu akakubali. Tukapima ampli ya basse bila basse.

Nikainama kwa ile ya kutumika. Nikagonga. Ilinyamaza kama ukuta ya mawe. Triplex, nene. Kuibeba, nilishindwa. Mujukuu yangu aliiunga, akapiga ile kamba nene, wazi, polepole, sawa vile babu yake alimufundisha. Kiganja yangu ilikuwa nyuma. Ilipumua.

Nikasema, "Tuchukue hii."

Mwalimu hakunijibu na hasira. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mama, tumupelekee Mungu kitu ya kutumika?" Kisha akageuza ile mupya, akanionyesha ile namba nyuma. "Mama anajua hii inasema nini?"

Sikujua. Ilikuwa namba na maneno ya kizungu. Mujukuu yangu alinitazama. Nilikuwa na maneno kumi ya kusema: libuyu, vis, kole, kiganja, miaka yote ile. Niliona haya ya masomo yangu mbele ya ile kalamu. Nikasema, "Mimi sikusoma." Nikatoka inje, nikasimama mu vumbi ya barabara.

Bakanunua ile ya taa.

Mwenye duka alikuwa na sheria muzuri, lazima niiseme: ndani ya siku saba, ukiona mubaya, urudishe. Mais kwetu kitu ya matoleo haiingiye kanisani bila kuombewa. Kiti, ngoma, hata fagio. Na banaiombea mbele ya kuitumia, sababu kutumia mbele ni kama kuonja chakula ya mugeni. Siku ya Yenga, siku ya ibada, ile ampli ilikuwa mbele, imefunikwa na kitambaa mweupe, haijaungwa hata mara moja. Muchungaji akaweka mikono, wazee bakaweka mikono. Akaitoa kwa Mungu, yeye peke yake, milele. Kanisa yote ikasema Amina.

Na mimi nilisema. Benchi ya kwanza, sauti kubwa.

Siku ya Tatu yenye ilifuata, kwa repetisyon, mazoezi ya korali, mujukuu yangu alipiga kamba nene kwa mara ya kwanza. Alirudi nyumbani na uso ya mutu mwenye amekula kitu mubaya. Akasema, "Mukaka, inatetemeka." Mukaka ni mama ya mama, kwa Kinande chetu. Nilienda kwa mwalimu siku ile ile. Nikamuambia siku saba haijaisha, tuirudishe. Aliweka kikombe yake chini, akaniuliza kama mu maisha yangu niliona mutu anaondosha toleo kwa mazabahu, anairudisha sokoni. Sikuona. Hakuna mwenye aliona. Siku saba ikapita.

Butembo ni baridi, munajua. Asubui ukungu unaingia kanisani mbele ya batu, na ile ampli ilikuwa inalala chini, kwa simenti. Mbao ya unga inakunywa maji. Mwezi ya mvua ilipofika, kila wimbo yenye sauti inashuka chini ilikuwa na mulio ndani yake, brrr, kama nyuki mu chupa. Mupiga solo alikuwa anapiga juu, kwake hakuna shida. Mulio yote ilikuwa kwa mutoto. Alijaribu kupiga polepole, akajaribu kuruka ile kamba, akawa anatafuta njia ya kupita kando yake mu kila wimbo, na batu bakasema sasa anapiga kama mutu mwenye anaogopa.

Kisha ikakuja siku ya bageni. Korali ya kanisa ndugu ilitoka Kayna, batu mingi, na uniforme. Mu wimbo ya tatu ampli ilipiga kelele mupaka bageni bakageuza vichwa. Mujukuu yangu akaondosha mikono kwa kamba. Wimbo ikaisha bila basse, miguu yake juu, haigusi chini.

Siku ya Kwanza yenye ilifuata, korali ikakaa kikao. Alinielezea yeye mwenyewe, mimi sikuwa. Balimusimamisha katikati. Mumoja akasema bidole ya mwanamuke ni ya sombe, majani ya mihogo, inatwanga, haipige. Mwengine akasema afazali angetwanga sombe, tungekula. Bakacheka. Mwalimu hakucheka. Yeye alisema neno yenye ilikuwa mubaya kuliko kicheko: ampli ni mupya na imeombewa, donc kosa haiwezi kuwa ndani yake. Iko ndani ya mwenye anaigusa. Aache basse kwanza, ajichunguze roho.

Aliniambia hii yote ameketi kwa jiwe ya kunolea kisu, nyuma ya nyumba. Hakulia.

"Mukaka, wewe unajua. Ubaambie."

Posho, siku moja mbele ya Yenga, nikachukua tournevis ya kufungulia vis, nikaifunga mu kona ya kikwembe ya kiuno, nikaenda kwa repetisyon. Bote balikuwa pale. Nikasalimia. Nikageuza ile ampli uso chini, nikapiga magoti, nikaanza kufungua mugongo yake. Mutu hakunizuia, nafikiri sababu bamama bazee tunapigaka magoti mu kanisa kila siku. Vis ya kwanza nikafungua na tournevis. Ya pili ikazunguka bure. Ya tatu niliitosha na bidole mbili, na ikatoka na unga yake, nikaiweka mu kiganja ya mwalimu. Ndani, mbao ilikuwa imevimba kama mukate mu chai. Opalere ilikuwa imeshikwa na vis mbili kati ya munane. Sumaku yake ilikuwa kadogo kama kifuniko ya kopo.

Nikasema, "Hii njo roho ya mujukuu yangu yenye mulikuwa munachunguza."

Mwalimu alitazama ile unga mu mukono yake wakati murefu. Ninaamini alielewa. Alikuwa mutu mwenye akili. Kisha akafunga kiganja, akauliza na sauti ya chini nani alinipatia ruhusa ya kufungua kitu ya Mungu.

Wazee baliniita. Niliondolewa kwa Meza ya Bwana miezi tatu. Nilikubali, miezi tatu si kitu, niliishi mambo ya kupita hiyo. Mais fasi ya mutoto njo haikurudi. Balisema wakimurudisha kwa basse, ni kama kanisa imesema maombi ilikuwa ya bure. Balimuombea pia, apate huduma ingine. Basse ikapewa shemeji ya mwalimu.

Na ampli, bakanunua ingine. Ile ya kutumika, kitambaa imepasuka, bado ilikuwa chini ya meza ya duka. Balipima na basse, kamba nene, wazi, mbele ya kuiombea. Muchungaji alitangaza kama prezida wa korali ameongozwa vizuri. Mwalimu alitazama chini. Ile ilikuwa asante yangu.

Yenga ya kwanza ya ile ampli, mujukuu yangu alikaa karibu yangu. Shemeji alipiga. Bidole yake haikuwa na kitu, mais sanduku ni sanduku. Niliweka kiganja kwa benchi, nikaisikia ikipanda kwa simenti, kwa miguu ya benchi, safi, mbao imetulia. Nilifurahi, ninaikiri. Nilifurahi kama mupumbavu, na mutoto akaona.

Akaniuliza kwa sikio, "Mukaka, kwa duka ulijua?"

"Nilijua."

"Na ile Yenga baliombea ile ya taa?"

"Nilijua."

"Nilikuwa kwa korali, mbele yako," akasema. "Nilisikia Amina yako."

Wimbo ilipoisha alisimama, akaenda kukaa nyuma, na Yenga yenye ilifuata hakukuja. Sasa anauza mazao kule Kanyabayonga na shangazi yake. Ananitumia salamu na sukari. Gitare ya babu yake iko kwangu, kwa musumari, na inakosa sasa kamba mbili.

Mimi ninaendelea kukaa benchi ya kwanza. Basse ikianza, ninaweka mikono ndani ya kikwembe, ninaisikia na masikio, kama batu bote.