Wamuyu na Eksrei Zisizohesabika

Watu wa Siakago wakiniona nimeanza kumtaja dada yangu Wamuyu, hukumbuka ghafla kwamba wameacha maziwa jikoni. Wakimbie tu. Mimi ni mwalimu, nimezoea kurudia somo.

Mwaka 2009 Wamuyu alikuwa akisomea fizikia Ujerumani. Huko walipiga kipande cha shaba kwa leza, nayo shaba ikatoa eksrei kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kazi yake ilikuwa kupima nguvu za eksrei hizo: dhaifu ni kiasi gani, kali ni kiasi gani. Alikuwa amebakiza siku moja tu ya kutumia mashine. Asipopata jibu, shahada ingeota mbawa.

Kifaa chake kilihesabu mwale mmoja mmoja. Lakini miale ilifika yote kwa mpigo, kifaa kikadhani mia dhaifu ni mmoja mkali. Asubuhi hiyo alinipigia simu analia.

"Kaka, hazihesabiki!"

Nilipandwa na hasira. "Nani alikutuma uhesabu? Baba aliwahi kuhesabu mbuzi lini?"

Simu ikakatika. Nilijua nimemuudhi.

Kwetu kuhesabu mifugo ni mwiko. Baba yetu, Mzee Gichovi, alijenga nyua tatu, moja ndani ya nyingine, na kila ua una mwanya mdogo kuliko wa nje. Wakubwa walibaki nje, vitoto vikapenya hadi ndani. Akitupia jicho kila ua, alijua kundi limekaaje.

Kumbe maneno yangu yalimkumbusha Wamuyu nyua hizo. Alipanga mabati ya alumini na shaba, jembamba mbele, nene nyuma, na kati yake filamu za picha, zinazogeuka nyeusi zikipigwa na eksrei. Leza ikapigwa mara moja. Tofauti na mbuzi, hapa miale yenye nguvu ndiyo iliyopenya mbali. Kwa kupima weusi wa kila filamu, akakokotoa nguvu zote. Maprofesa walikagua hesabu yake mara mbili, ikasimama. Nilijivunia hadi nikashindwa kula.

Tasnifu ilipofika kwa posta, nilimsomea Baba shukrani: "Kwa Mzee Gichovi, mfugaji, aliyenifundisha kujua kundi bila kulihesabu." Nilingoja atabasamu.

"Hiyo baadaye," alisema. "Rudi kwenye jalada. Soma jina la mtoto wangu."

Nikasoma.

"Simama mlangoni usome tena. Paza sauti, majirani wako mbali."